Ruhusa ya Kuandika

Kokwijuka alibonyeza "Hifadhi" kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano ukanda mwekundu ukajitandaza juu ya kioo cha kompyuta: Imeshindikana kuandika faili. Ruhusa imekataliwa.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Nje ya ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa pale Nkwenda, malori mawili yalikwisha kuegeshwa yakisubiri msimu ufunguliwe. Kufikia saa sita mchana orodha ya mashamba, kila shamba na ramani yake, ilitakiwa iwe imemfikia mnunuzi. Mwaka huu hapakuwa na mjadala. Kahawa isiyo na ramani ya shamba ilikotoka haipokelewi, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Ramani hizo alizitembea mwenyewe. Tangu mvua za Machi alikuwa akizunguka vilima vya Kyerwa, buti za mpira miguuni na simu ya chama mkononi, mwenye shamba mbele na yeye nyuma, kona baada ya kona, simu ikichora mstari kila walipokanyaga. Wakirudi walipoanzia, anampiga picha mwenye shamba amesimama mpakani, anachukua alama ya dole gumba, safari inaendelea kwa jirani. Jioni akifika ofisini, simu inazikabidhi ramani za siku hiyo kwa mashine iliyokaa chini ya meza. Mashine inajibu "Imepokelewa", na simu inafuta kila kitu ili ipate nafasi ya kesho. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na cheti cha kompyuta alichokisomea Bukoba. Kwenye karatasi za chama cheo chake kilikuwa karani. Wakulima walimwita yule binti wa kuzunguka.

Alifungua ukurasa wa usimamizi, ule ambao kwa kawaida huufungua mwisho wa mwezi tu, na hapo ndipo alipoiona. Zinazosubiri kuandikwa: 63.

Aliisoma namba hiyo mara mbili. Maana yake aliijua. Tangu Jumatano ya wiki iliyopita hakuna hata ramani moja iliyokuwa imeandikwa mahali pa kudumu. Mashine ilikuwa imezipokea zote, ikazionyesha kwenye orodha kana kwamba mambo ni shwari, lakini ilikuwa imezishika kichwani tu, ikijaribu kila baada ya dakika chache kuziweka kwenye folda ya msimu mpya na kukataliwa. Siku mashine ikizimwa, kichwa hicho kinafutika. Na simu, kwa utii wake, ilikwisha kufuta za kwake.

Akakumbuka hiyo Jumatano. Deodatus, kijana aliyeitengeneza programu hiyo na ambaye sasa anaishi Mwanza, alimpigia simu akamwambia kuna toleo jipya la kuweka. Akamsomea neno la siri la msimamizi mkuu, naye akaliandika kwenye jalada la ndani la daftari lake. Kazi yote aliifanya peke yake. Alifurahi siku ile, akanunua soda akainywa akiwa amesimama mlangoni. Kumbe aliiacha mashine itengeneze folda zote za msimu kwa jina la msimamizi mkuu. Folda zikawa mali ya msimamizi. Programu, ambayo hufanya kazi kwa jina lake yenyewe, ilipokuja na ramani mkononi ikakuta haina ruhusa ya kuingia.

Kosa lilikuwa lake. Hapakuwa na mwingine wa kumtaja.

Alishusha orodha kwa kidole hadi alipoliona jina alilokuwa akiliogopa. Nyakatuntu, shamba namba 58, Uwiduhaye. Lilitembewa Alhamisi iliyopita.

Alhamisi hiyo mzee Nolasco, mwenye shamba hilo, alitoka kitandani. Mapafu yalikuwa yamemchosha, na kila baada ya mimea mitatu minne ya mpaka, ile emiramura ambayo baba yake aliipanda, alisimama akaegemea fimbo na kuvuta pumzi. Alimzungusha Kokwijuka kwenye kipande cha chini ya barabara, chenye mibuni mia mbili na migomba yake. Nyuma yao alifuata Uwiduhaye, mjane wa mwanawe wa mwisho, aliyelipalilia shamba hilo miaka sita tangu mumewe afariki. Walipomaliza, mzee alisema kwa sauti ndogo, "Andika jina lake, si langu." Akaweka dole gumba. Akasimama apigwe picha, mkono wake mmoja juu ya bega la mkwewe.

Jumapili akafariki. Jumanne wakamzika. Jumatano, hata majivu ya moto wa matanga hayajapoa, maneno yalikwisha kufika sokoni kwamba wanawe wanasema kipande cha chini ya barabara hakikugawiwa kwa mtu yeyote.

Mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Mzee Rogasian, mwenyekiti wa chama, na nyuma yake mjumbe wa bodi, kichwa kimenyolewa upara wa msiba. Alikuwa Protase, mtoto wa kwanza wa Nolasco.

Kokwijuka alisimama, akawaamkia, akampa Protase pole. Protase aliitikia kwa kutikisa kichwa. Mwenyekiti hakukaa. Aliuliza orodha imefikia wapi, na alipoambiwa kwamba mashine inakataa kuhifadhi, aliachia pumzi ya mtu aliyekwisha kuona mashine nyingi zikikataa.

"Si unaizima tu na kuiwasha?" alisema. "Ya kwangu nyumbani nafanya hivyo."

Protase alikuwa karibu zaidi na meza. Aliinama, bila haraka, mkono ukielekea kwenye kitufe kilichokuwa kikiwaka taa ya kijani.

Kokwijuka alitanguliza mguu. Hakuwa amepanga. Buti lake la mpira lilitua kati ya mkono wa Protase na mashine, na kwa muda watu watatu waliliangalia buti hilo.

"Samahani, kaka," alisema. "Ikizimwa, ramani sitini na tatu zinapotea."

Rogasian akataka kujua zinapoteaje wakati zilikwisha kupokelewa. Akaeleza: zimepokelewa lakini hazijaandikwa, ziko kichwani mwa mashine tu. Mwenyekiti akauliza ni za nani. Angeweza kujibu kwamba ni za watu mbalimbali. Lakini alijua kwamba orodha iko wazi kwenye kioo na Protase anajua kusoma.

"Za wiki nzima iliyopita," alisema. "Na ya marehemu Mzee Nolasco imo. Ile aliyomtembezea Uwiduhaye."

Protase alijinyoosha taratibu. Macho yake yalikwenda kwenye kioo, yakashuka na majina, yakasimama. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mikono ya kazi, na mikono hiyo sasa aliiweka nyuma ya mgongo kama mtu aliyeingia kanisani. Kokwijuka hakujua kama mtu huyo alikuwa akisikia habari hizo kwa mara ya kwanza, au kama alipoinama alikuwa anajua anachokiinamia. Hata baadaye hakupata kujua.

Ndipo umeme ukakatika.

Feni ya ofisini ilizunguka mara chache ikakata tamaa. Redio ya duka la jirani ikanyamaza katikati ya tangazo. Chini ya meza ile betri ya akiba ikatoa mlio mmoja mfupi, kioo kikapepesa kisha kikabaki kinawaka. Ilipokuwa mpya betri hiyo iliweza kuibeba mashine dakika ishirini. Haikuwa mpya tena. Wiki nzima umeme ulikuwa umekatika mara mbili, dakika moja moja, ikavumilia. Mlio wa pili ukaja. Kati ya mlio na mlio Kokwijuka alihesabu sekunde thelathini.

Alipiga simu Mwanza. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa kwenye kelele za stendi au soko, na Deodatus alikuwa akipaza sauti kwamba hasikii. Akaweka simu kwenye spika, akailaza juu ya daftari, akaeleza huku vidole vikichapa neno la siri. Deodatus alielewa upesi.

"Una dakika ngapi?" aliuliza.

"Kumi. Labda."

"Basi usihangaike. Fungua folda zote kwa kila mtu. Saba, saba, saba, kuanzia juu mpaka chini. Kila mtu aandike, kila mtu asome. Utafunga baadaye."

Akamsomea amri yenyewe. Ilikuwa fupi, na Kokwijuka aliichapa yote. Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kuingiza.

Amri hiyo ingefanya kazi; alilijua hilo. Lakini mtandao wa ofisi ulitumiwa na nusu ya watu wa Nkwenda. Wajumbe, madereva, wanunuzi wa maharage waliokuja kuomba neno la siri wakapewa. Kila anayeingia humo angeweza kuifikia ramani na kuusogeza mpaka wa jirani yake kwa kidole, wala pasibaki jina la aliyeusogeza. Na hata kama asingefanya hivyo mtu yeyote, hata kama angefunga baada ya saa moja, kulikuwa na Protase amesimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, na kila neno la Deodatus limemwingia. Siku wakiitwa mbele ya baraza la kata, ingetosha mtu mmoja kusema kwamba siku ile mashine ilikuwa wazi kwa watu wote, nani anajua nani aliandika nini. Ramani ingekuwepo, na isingekuwa na kazi.

Alifuta amri hiyo herufi moja moja hadi ikaisha.

"Koku, umeingiza?" Deodatus aliuliza.

"Hapana. Naibadilishia mmiliki. Programu peke yake ndiyo iandike."

Upande wa pili ukawa na kelele tu. Kisha Deodatus akasema kwamba hiyo ndiyo njia ya haki, ila akikosea hatapata nafasi ya pili. Halafu mtandao ukakata, na simu ikazima taa yake.

Aliikabidhi folda ya msimu mpya kwa programu. Akaangalia tena kwa makini: jina la mmiliki limebadilika, ruhusa ya kuandika ipo. Akaurudia ukurasa wa usimamizi akabonyeza "Jaribu tena". Ukanda mwekundu. Ruhusa imekataliwa. Sitini na tatu.

Mlio wa betri ulikuwa unakuja sasa kila sekunde kumi na tano. Rogasian alitoka nje akasikika akiuliza jirani kama jenereta yake ina mafuta, na jirani akijibu kwamba ameiazimisha kwa watu wa harusi. Ndani walibaki wawili. Kokwijuka alikuwa amempa mwenye haki haki yake, na bado anakataliwa. Kwa nini?

Alifumba macho. Alifanya kama anavyofanya shambani mstari wa simu unapokataa kufunga: haanzi kukisia, anarudi kwenye kona ya kwanza na kutembea upya. Akafumbua macho, akaanzia juu kabisa. Folda ya chama: wazi kwa programu. Folda ya ramani: wazi. Folda ya mwaka.

Folda ya mwaka ilikuwa ya msimamizi mkuu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kupita.

Nayo ilizaliwa Jumatano ileile. Alikuwa amempa mtu ufunguo wa chumba wakati geti la uani limefungwa. Alichapa amri, akakosea herufi, mashine ikamwambia hakuna kitu chenye jina hilo. Akachapa tena, polepole, akiitamka kila herufi kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaingiza. Mashine haikusema lolote, na kwa mashine hizo ukimya ni kukubali.

"Jaribu tena."

Ukanda mwekundu haukutokea. Sitini na tatu ikawa sitini na mbili.

Haikushuka haraka. Kila ramani ilikuja na picha na alama ya dole gumba, na mashine ilikuwa nzee. Sitini. Hamsini na saba. Protase alisogea, sasa alikuwa karibu kiasi kwamba Kokwijuka alisikia harufu ya moshi wa matanga kwenye shati lake. Mguu wa Kokwijuka bado ulikuwa mbele ya kitufe. Alitamani kuuondoa kwa aibu, akauacha. Arobaini. Thelathini na tatu. Mlio ukawa kila sekunde tano. Rogasian alirudi, akasimama mlangoni, akavua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Kumi na mbili. Tisa. Betri ikaacha kulia kwa vipande, ikalia moja kwa moja, sauti nyembamba kama ya mbu. Sita. Tano. Tatu. Mbili.

Kioo kikawa cheusi.

Waliobaki humo ndani waliona sura zao kwenye kioo hicho, watatu, na mwanga wa mlango nyuma yao.

Umeme ulirudi saa tano na dakika thelathini na tano. Muda wote huo walikaa kwenye benchi, hakuna aliyekwenda kunywa chai. Rogasian akauliza ilikuwaje folda zikafungwa, na Kokwijuka akamjibu kwamba yeye ndiye aliyezifunga bila kujua, siku alipoweka toleo jipya. Kwamba alitumia jina la msimamizi pale asipotakiwa na hakukagua. Mwenyekiti alisema bodi itakaa Jumatatu na kwamba aandike maelezo yake kwenye karatasi. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayejiambia mwenyewe, kwamba binti huyu angeweza kusema kosa ni la Deodatus, na nani angejua.

Mashine iliwaka kwa uvivu. Folda ya msimu mpya ilifunguka, na Kokwijuka akahesabu. Sitini na moja.

Mbili zilikuwa zimepotea. Alizijua kabla hajatafuta majina, maana zilikuwa za mwisho kuletwa: ya mama Vero na ya Benadeta, majirani wa Nyakatuntu, wote wawili wajane, wote wawili walimpa ndizi za kuchoma. Angewarudia mchana huohuo, kona kwa kona. Lakini orodha ya kwanza ingeondoka bila wao, na kahawa yao ingebaki ghalani mpaka ije orodha ya pili. Angelazimika kuwatazama usoni na kuwaambia kwa nini.

Namba 58 ilikuwepo, ramani na dole gumba na picha.

Alituma orodha saa sita kasoro dakika tano. Jibu likaja kwamba imefika. Rogasian akatoka kwenda kuwaambia madereva.

Protase hakutoka. Alisimama palepale, kisha akasema anaomba kuiona. Hakusema nini, na Kokwijuka hakuuliza. Angeweza kumwambia kwamba taarifa za mkulima hazionyeshwi kwa mtu mwingine. Hiyo ilikuwa kanuni, na aliijua. Alifikiri. Akaacha ramani na jina bila kuvigusa, akafungua picha peke yake, akakizungusha kioo upande wake.

Mzee Nolasco, ndani ya koti kubwa, alikuwa amekunja uso kwa jua. Bega la mkwewe lilikuwa chini ya mkono wake.

Protase aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hili ni koti langu," alisema. "Nililitafuta sana."

Yule bwana alijinyoosha, akajipangusa uso wote kwa kiganja, kuanzia kwenye upara kushuka kidevuni, akaaga kwa adabu na kutoka.

Kupitia dirishani alimwona Uwiduhaye anakuja upande wa sokoni, debe tupu mkononi na khanga ya msiba kiunoni. Hakuwa anajua lolote la asubuhi hiyo. Alikuwa amekuja kuuliza kama jina lake limo, na Kokwijuka akamtolea kichwa nje akamwambia limo, limekwisha kwenda. Uwiduhaye akashukuru kwa kupiga goti kidogo, kwa haraka, kwa sababu mibuni ilikuwa imeiva na jua halimsubiri. Alipogeuka alikutana uso kwa uso na shemeji yake pale pikipiki ilipoegeshwa.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Protase alikuwa ameshika ufunguo, akiutazama. "Marahaba," akasema hatimaye.

Mwanamke akashika njia ya Nyakatuntu. Protase alipanda pikipiki, akakaa juu yake bila kuiwasha, kisha akashuka. Akaishika usukani, akaanza kuisukuma kwa mkono, njia ileile, hatua kama ishirini nyuma ya shemeji yake. Uwiduhaye hakugeuka. Wala hakuongeza mwendo. Walipanda kilima hivyo, vumbi jekundu likiwafunika miguu, na mpaka pale barabara inapokunja kwenye migomba, zile hatua ishirini zilikuwa hazijapungua wala kuongezeka.